Elimu ya Mali na Utawala

Hapana mtu duniani asiyekula, na hapana mlaji asiyepata chakula chake kwa kulima, kununua, kupewa au kunyang'anya. Hapana mtu pia asiyekaa chini ya amri ya mtu mwingine au ya sheria. Hata mfalme hutawaliwa na hofu ya kupoteza kiti chake. Kwa hiyo mambo ya uchumi, biashara na siasa humhusu kila mtu tangu anyonye hata azikwe. Mtoto mchanga hajui bei ya maziwa, lakini bei ikipanda alalaye na njaa ni yeye. Maiti hajui habari za hati za ardhi, lakini jamaa zake huulizwa kaburi lake litachimbwa katika shamba la nani.

Pamoja na hayo, masomo haya yanapotajwa kuwa yafundishwe katika shule za sekondari, wako wanaokunja uso. Wengine husema kwamba kumfundisha kijana habari za faida ni kumfundisha tamaa. Wengine husema kwamba kumfundisha siasa ni kumfundisha ugomvi kabla hajaota ndevu. Liko na kundi la tatu, ambalo naona ndilo kubwa, nalo halikunji uso hata kidogo: huyasifu masomo haya kwa kuwa yaweza kuleta kazi ya heshima na mshahara mnono. Nataka kuyajibu makundi yote matatu, kisha niulize swali ambalo naona yote yamelisahau: mwenye elimu ya mali na utawala ana deni gani kwa asiye nayo?

Tuanze kwa kujua tunachozungumza. Tazama sinia moja ya wali katika nyumba yenye watu kumi. Uchumi huuliza: wali huu umetoka wapi, umegharimu kazi ya nani, na utawatosha wangapi? Biashara huuliza: aliyekuwa na mchele alipewa nini hata akautoa, na aliyetoa fedha alipata mchele wa kiasi gani? Siasa huuliza: ni nani anayegawa, ni nani aliyempa haki ya kugawa, na asiyeridhika na fungu lake aseme mbele ya nani? Sinia ni moja, maswali ni matatu. Atakaye kuyatenganisha kabisa atayaharibu, maana mtu aweza kujua bei ya mchele wote wa dunia, na bado asijue kwa nini mwenye njaa hakufikiwa na sinia.

Elimu hii si ngeni kwetu. Huku Rabai, katika vilima vya minazi nyuma ya Mombasa, mgema hufundisha uchumi kila siku bila ubao wala chaki. Hupanda mnazi asubuhi na jioni, akachonga karara changa kwa kisu chake ili lidondoshe tembo. Lakini karara ligemwalo halizai nazi. Anayetaka tembo la leo ameiacha nazi ya mwakani. Anayetaka nazi hana budi kungoja karibu mwaka mzima, tangu ua hata ikomae. Hapana njia ya kupata vyote viwili katika karara moja. Wanauchumi wa vyuo vikuu wameandika sura nyingi juu ya jambo hili, kwamba gharama ya kweli ya kitu ni kile kilichoachwa ili kitu hicho kipatikane. Mgema hulijua hilo akiwa juu ya mnazi, na huliamua kila anapoliona karara jipya.

Hali kadhalika wazee wa kaya. Misitu ya kaya za Mijikenda, na za Warabai zikiwamo, ililindwa kwa miiko kizazi baada ya kizazi: mti huu haukatwi, njia hii haipitwi ovyo, mahali hapa hapalishwi mifugo. Kila mtu alihitaji kuni, na kama kila mtu angekata apendavyo, msitu ungekwisha kwa wote. Basi kulikuwa na sheria, na walikuwako walinzi wa sheria hiyo. Mwaka 2008 misitu hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, 2009, mwanamke Mmarekani aitwaye Elinor Ostrom alishiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa kuonyesha kwamba watu wenye mali ya pamoja waweza kuitunza kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Hakuwa akiandika juu ya Rabai, lakini mzee wa kaya angalimsikiliza bila kushangaa.

Sasa nalijibu kundi la kwanza, lisemalo kwamba elimu ya mali huzaa tamaa. Tamaa haikungoja shule kufunguliwa. Aliyepunja pishi ya mtama zamani hakuwa amesoma kitabu cha uchumi. Na tukiwatazama waliojenga elimu hii, twaona kwamba wengi wao walikuwa watu wa maadili kabla hawajawa watu wa hesabu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alikuwa kadhi na mwanahistoria. Katika Muqaddima yake, aliyoimaliza mwaka 1377, alionya kwamba mtawala anayezidisha kodi huua moyo wa kufanya kazi, na mwisho hazina yake hupungua badala ya kuongezeka. Adam Smith wa Scotland alikuwa mwalimu wa falsafa ya maadili huko Glasgow. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1759, kilihusu huruma na dhamiri, na kile cha utajiri wa mataifa kilimfuata mwaka 1776. Hawa hawakuuona uchumi kuwa njia ya kuukimbia wema. Waliuona kuwa mahali pa kuujaribia.

Tena elimu hii ikifundishwa vizuri hupunguza uwongo, na uwongo ndio mama wa chuki. Chukua mfano wa nazi. Mkulima huuza nazi shambani kwa bei ndogo. Nazi ile ile ikifika sokoni Mombasa bei yake ni kubwa zaidi. Kijana asiyesoma aweza kusema, “Dalali ni mwizi.” Kijana aliyesoma nusu aweza kusema, “Dalali ni mwerevu, na faida yote ni haki yake.” Aliyesoma vizuri hukaa akahesabu: gari limelipiwa kiasi gani, nazi ngapi zimeoza au kuvunjika njiani, ushuru ni kiasi gani, dalali amengoja siku ngapi kabla ya fedha yake kurudi. Akiisha kuyatoa hayo yote, hutazama kilichosalia. Kama kilichosalia ni ujira wa kazi, humheshimu dalali. Kama ni kikubwa mno, huuliza kwa nini mkulima hakupata mnunuzi mwingine: je, barabara ni mbovu, madalali wamekula njama, au wakulima wameshindwa kushirikiana wauze pamoja? Hivyo elimu imemkinga na makosa mawili, la kumwita mtu mwizi pasipo ushahidi, na la kumsifu mtu kwa kuwa ana fedha tu.

Wala biashara haiwezi kudumu pasipo uaminifu. Wahenga wamesema, “Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.” Wengi huitumia methali hii kukemea majivuno, lakini ni somo la biashara pia. Sifa ya mgema ni mali yake, kama kisu chake na mnazi wake. Akilitia tembo maji leo, ameuza sifa yake kwa bei ya kata moja ya maji, na wanywaji watahamia kwa jirani. Somo la biashara lisilofundisha hayo limefundisha ulanguzi tu.

Nalijia kundi la pili, lisemalo kwamba siasa ni ugomvi, na kwamba vijana waachwe mpaka wakue. Neno hili lina busara ndani yake. Shule si uwanja wa mikutano ya vyama, na mwalimu anayetumia darasa kukitafutia chama chake wafuasi ameiba muda wa watoto. Lakini kujua siasa ni jambo moja, na kushabikia chama ni jambo jingine, kama kujua mvua inavyonyesha kulivyo mbali na kuloa. Tena siasa haimngoji mtu akue.

Mwambao wetu una ushahidi mchungu wa neno hilo. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya mwambao. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke madai yake mbele ya wakuu wa serikali. Ardhi isiyodaiwa, au ambayo madai yake hayakukubaliwa, ilihesabiwa kuwa ya serikali. Waliojua maana ya karatasi walikwenda. Wamijikenda wengi hawakwenda. Wengine hawakupata habari. Wengine hawakuwa na hati ya kuonyesha. Wengine walilima ardhi ya mbari, wala hawakufikiri kwamba mtu mmoja angeweza kuiita yake. Sheria haikuwauliza sababu. Kutoka siku zile mpaka leo, katika sehemu nyingi za Kilifi na Malindi, wako watu wanaoishi mahali walipozikwa babu zao nao huitwa maskwota. Wazee wale hawakuwa wavivu wala wajinga wa maisha. Walikosa ujuzi mmoja tu, wa kujua sheria inavyotungwa na mahali inapopingwa, na wajukuu wao wamelipa kwa ukosefu huo.

Wala mtu asidhani kwamba wote walinyamaza. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama ambaye hakusoma shule, aliwaita watu wake wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa. Alijua kwamba kodi ya fedha kwa mtu asiye na fedha ni amri ya kumtoa shambani kwake akamfanyie kazi mwingine. Hilo ni somo zima la uchumi na siasa, nalo lilitoka katika kinywa cha mama ambaye serikali ilimwona mchochezi. Alikamatwa akapelekwa mbali, mpaka Kisii. Na mwaka 1914 serikali ikaivunja Kaya Fungo kwa baruti. Aliyeogopwa kiasi hicho alikuwa na fikira yenye nguvu.

Baadaye katika nchi hii hii ya Mijikenda alitokea Ronald Ngala, mzaliwa wa upande wa Kaloleni. Alisoma Makerere, akafanya kazi ya ualimu, kisha akaongoza chama cha KADU kilichoanzishwa mwaka 1960. Swali lake lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: nchi ikipata uhuru, fedha na amri zikae zote katika mji mkuu, au zigawiwe majimbo? Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliweka majimbo, nayo hayakuchukua muda yakafutwa. Watu wenye akili walikuwa upande huu na upande ule. Lakini swali halikuzikwa. Katiba ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47, na Rabai ikawa sehemu ya Kaunti ya Kilifi. Katiba hiyo hiyo imeagiza kwamba kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, ikihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa, na kwamba wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma.

Tazama basi neno hilo la kushirikishwa. Wananchi huitwa barazani kusikiliza bajeti ya kaunti. Huletewa karatasi zenye safu za tarakimu: fedha za mishahara, fedha za maji, fedha za barabara, madeni ya miaka iliyopita. Asiyejua kusoma karatasi ile atapiga makofi au atazomea, kama alivyoona jirani yake akifanya. Hakushirikishwa, amehudhuria tu. Katiba imempa mlango, lakini ufunguo ni elimu. Kwa hiyo wanaosema kwamba vijana waachwe mpaka wakue, nawauliza: wakikua bila elimu hii, watakuwa wamekua katika jambo gani?

Lasalia kundi la tatu, lenye kuyasifu masomo haya kwa ajili ya mshahara. Sina ugomvi na mshahara. Mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe ada ana haki ya kutumaini kwamba mwanawe atapata kazi. Lakini fikiri juu ya kisu cha mgema. Kikikaa katika mkono uliojifunza, hukata wembamba wa karatasi, na mnazi hutoa tembo siku nyingi. Katika mkono wa pupa hukata sana na kuharibu karara. Kisu hakichagui mkono. Elimu ya mali nayo haichagui moyo. Humtumikia mkaguzi wa hesabu za umma, na humtumikia vile vile aliyezificha. Kwa hiyo asemaye kwamba elimu hii ni njema kwa kuwa inalipa, hajasema kama ni njema. Amesema ina bei.

Hapa ndipo nataka kuwaonyesha jambo lililotokea Rabai yenyewe, maana naona kwamba swali letu lote limo ndani yake.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Mombasa, na mwaka 1846 yeye na mwenziwe Johannes Rebmann wakaanzisha kituo Rabai. Miaka ilipopita, mji ulikua kandokando ya kituo kile. Walikuja watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, baadhi yao wakiwa wamesomeshwa Bara Hindi. Kisha wakaja watoro, waliokimbia mashamba ya mwambao ili waishi kama watu. Mabwana zao waliwadai. Kwa sheria ya wakati ule madai yao yalikuwa na nguvu, maana watu wale walihesabiwa kuwa mali.

Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza iitwayo Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya kifalme, ikaja kufanya biashara na kutawala. Mwakilishi wake, George Mackenzie, aliukuta ugomvi wa mabwana na misheni. Kampuni ilihitaji amani, na ilihitaji urafiki wa wenye mashamba. Huruma nayo haikukosekana. Basi yakafanywa mapatano kwamba mabwana walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889, hapa Rabai, watoro walikabidhiwa hati zao za uhuru. Waliokombolewa kwa mapatano yale walizidi 1,400.

Siku ile masomo yetu matatu yalikutana mahali pamoja. Uchumi ulikuwapo, kwa kuwa binadamu alitiwa bei. Biashara ilikuwapo, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyopatana na kulipa. Siasa ilikuwapo, kwa kuwa bila hati ya mtawala uhuru ule haungetambuliwa na mtu. Tuifungue hesabu ile kama wanafunzi, bila kelele wala machozi, tuone kilichoandikwa.

Nani alilipa? Kampuni na waliosaidiana nayo. Nani alipokea? Bwana. Nani aliamua? Kampuni, misheni na mabwana. Maswali haya matatu yanajibika, na hesabu inasawazika mpaka senti ya mwisho. Lakini liko swali la nne, ambalo halina safu katika daftari lile: nani hakuulizwa? Hakuulizwa mwanamume aliyepalilia shamba la mtama miaka kumi bila ujira. Hakuulizwa mwanamke aliyezaa watoto wakahesabiwa kuwa ongezeko la mali ya mwingine. Jasho lao halikutiwa bei. Fidia ilimwendea aliyenyang'anya, na aliyenyang'anywa alipata karatasi.

Je, twaseme kwamba tendo lile lilikuwa ovu? La. Mama aliyelala usiku wa siku ile bila hofu ya kurudishwa utumwani asingetukubalia. Karatasi ile ilikuwa na thamani kuliko fedha zote zilizolipwa. Tendo lilikuwa jema, hesabu ilikuwa pungufu. Na wema wa tendo haukamilishi upungufu wa hesabu. Wala Rabai haikuwa peke yake. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za kuwalipa mabwana, na watumwa hawakutengewa kitu. Na mwaka 1907 sheria ilipoacha kuutambua utumwa katika mwambao wa Kenya, fidia ilikuwa ya mabwana tena.

Watu waliofanya mapatano haya hawakuwa wajinga wa hesabu. Walijua uchumi, walijua biashara, walijua siasa, wengi wao kuliko sisi. Walichokosa ni swali la nne. Hilo ndilo neno nililokusudia kulisema katika insha hii: elimu ya mali na utawala haikamiliki kwa kujua alipaye, apokeaye na aamuaye, mpaka mwenye elimu ajizoeze kumtafuta yule ambaye hakuulizwa. Elimu isiyomtafuta yaweza kuwa sahihi katika kila tarakimu, nayo ikawa dhuluma.

Sasa twaweza kulijibu swali la deni. Mwenye kuona ana deni kwa asiyeona, hasa wanapopita njia moja yenye shimo. Deni la kwanza ni kutomsukuma: usitumie ujuzi wako kumpunja asiyejua. Deni la pili ni kumwambia kwamba shimo liko. Tuseme jirani yako anakopa kwa simu shilingi 1,000 kwa mwezi mmoja, na ada yake ni shilingi 75. Kwake ni kitu kidogo, bei ya kitafunio. Lakini akilipa na kukopa tena kila mwezi, mwaka ukiisha atakuwa amelipa ada ya shilingi 900 kwa kutumia elfu ile ile moja. Hakuna aliyemficha, tarakimu zilikuwa pale kiooni. Ila hakuna aliyeketi naye akazijumlisha. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuzijumlisha kwa dakika moja, na dakika hiyo yaweza kuokoa shamba la mtu. Deni la tatu ni kuuliza kwa niaba yake mahali asipoalikwa: barazani, katika chama cha ushirika, katika mkutano wa wazazi, na kesho, ikiwa Mungu atajalia, katika ofisi utakayopewa.

Wala usidhani kwamba maswali haya yana jibu moja lililoandikwa nyuma ya kitabu. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika. Ulikubali mali ya mtu binafsi, na ulishauri kwamba fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua na njia za uchukuzi. Mwaka 1967 Tanzania ilitoa Azimio la Arusha, likataka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Majirani wawili, wenye lugha moja na jua moja, walikwenda njia mbili, na kila mmoja alivuna mema na mabaya ya njia yake. Ushauri wa Kenya ulikuwa na hoja nzuri ya uchumi: panda mbegu penye rutuba. Lakini ukiuliza nani hakuulizwa, utawaona watu wa nchi kame, na miaka mingi baadaye, mwaka 2010, Katiba iliwawekea mfuko wa usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, matibabu na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Mwanafunzi mwema husoma hoja za pande zote mbili kabla ya kuchagua, na baada ya kuchagua hamtukani aliyechagua nyingine.

Kijana usomaye, labda utaulizwa katika mtihani maana ya ugavi na uhitaji, aina za biashara, na kazi za Bunge. Jibu vizuri, maana asiyejua misingi hawezi kujenga juu yake, na huruma bila hesabu haijampatia mkulima hata barabara moja. Lakini mtihani ukiisha, maisha yatakuletea karatasi nyingine: mkataba wa kutiwa sahihi, bajeti ya kupitishwa, bei ya kupangwa, kura ya kupigwa, mfanyakazi wa kulipwa. Katika kila karatasi hizo tafuta alipaye, tafuta apokeaye, tafuta aamuaye. Kisha, kabla hujaweka kalamu chini, inua macho utazame nje ya chumba, uone ni nani anayengoja mlangoni bila kujua kwamba habari zake zinaandikwa. Mwite aingie. Kama hawezi kuingia, yaandike maneno yake kwa uaminifu, hata kama yataharibu usawa wa hesabu yako. Hesabu ikiharibika kwa sababu hiyo, ianze upya.